Mwosha Anakuja Saa Nne

Aliyeanza kuiita ile mashine "mwosha" ni mdogo wangu wa kiume, nami nililipokea jina lile kwa kicheko, kwa hiyo lawama tugawane. Yeye kazi yake ni ghalani huko Rusayl. Anashinda na watu wa bara, Wakenya na Watanzania, na Kiswahili chake siku hizi kimechanganyika na chao. Alipochoka kuandika "mashine ya kuoshea vyombo" kwenye simu, akaandika "mwosha". Mwosha wa ukubwa gani? Mwosha mweupe au wa rangi ya fedha? Nilikuwa sijacheka siku nyingi, nikacheka, na kuanzia hapo nikawa namwita hivyo hata mbele ya fundi.

Nyumbani kwetu vyombo havioshwi. Vyombo vinakoshwa. Mama yangu alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa na mimba changa, na mimba hiyo ndiyo mimi. Miaka yote hii ameishi hapa Ghubra na Kiarabu chake ni cha kupigiwa mfano, lakini Kiswahili chake hakikuhama hata hatua moja. Kwake sahani hukoshwa, nguo hufuliwa, mtoto hukogeshwa. Mwosha ni mtu mwingine kabisa. Ni yule mama anayeitwa nyumba ikifikwa, akaja na mfuko wake wa pamba na kafuri, akafungiwa mlango pamoja na maiti. Nililijua hilo tangu utotoni. Nililisahau kwa sababu mzaha ulikuwa mtamu.

Niseme mapema nilichokuwa nakitafuta, mtu asije akadhani hii ni habari ya vyombo. Nilikuwa naitafuta radhi ya mama yangu. Bado naitafuta ninapoandika haya, ingawa sijui tena naitafuta kwa njia gani.

Miaka sita kabla ya siku ninayoieleza, mama alipasuliwa mtoto wa jicho. Daktari alisema asiiname, asinyanyue kitu, na zaidi ya yote asilie. Wiki ile ile dada yake, mama yangu mkubwa, akaugua huko Unguja. Walipopiga simu mara ya kwanza nilisema mama amelala. Wakapiga mara ya pili, nikasema amelala. Mgonjwa mwenyewe akachukua simu, nikazisikia pumzi zake, akaniuliza kama anaweza kuzungumza na mdogo wake, nikasema amelala. Siku ya kumi na moja akafariki, wakazika jioni ile ile, nami nikakaa na habari hiyo kifuani mpaka jicho likapona. Nilijiona mtu mwenye akili.

Nililokuwa silijui ni kwamba wale wawili walikuwa na ahadi tangu usichana wao. Atakayetangulia, mwenziwe ndiye atakayemuosha. Mama hakupiga kelele nilipomwambia. Aliuliza nani alimuosha, nikasema sijui. "Umeninyima kumuosha dada yangu," akasema. "Hili sikupi radhi." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Baada ya hapo hatukugombana hata siku moja, na hilo ndilo lililonishinda. Alinipikia, alinitania kuhusu mvi zangu, alinitania kuhusu wanaume wawili niliowahi kuwakataa. Lakini akimaliza kuswali akainua mikono, nilikuwa nasimama nyuma ya mlango nasikiliza. Alimwombea mdogo wangu wa kiume kwa jina, akamwombea mdogo wangu wa kike aliyeolewa Sohar kwa jina, kisha akapitisha mikono usoni. Ningeweza kumwomba msamaha. Ilikuwa ni kupiga magoti tu, pale pale kwenye msala. Ila mimi ni mwalimu wa hesabu, nimezoea kuwa sahihi, na nilikuwa na sababu zangu: daktari alisema, jicho lilikuwa hatarini. Nikangoja yeye aanze. Miaka minne ikapita hivyo, na alipoanza, alianza kusahau. Alisahau kwanza majina ya majirani, kisha siku za wiki, kisha mimi. Asubuhi nyingine ananijua vizuri. Ikifika adhuhuri nimekwisha kuwa mtu wa kazi, au jirani, au msichana fulani aliyekuja kumtazama.

Kilichobaki kwake ni vyombo. Alikuwa anakosha sahani zilizokwisha kukoshwa, maji matatu kila moja, kwa sababu kwake kitu kikipita maji mawili ni kisafi tu, hakijatoharika. Dada aliyekuwa akitusaidia, mtu wa Singida, alimwachia sinki na kumsimamia kwa upole ambao mimi sikuwa nao. Mwezi wa tano dada huyo akarudi kwao. Mwezi wa sita mama akaunguza mikono.

Anayeishi hapa atanielewa. Tangi letu la maji liko juu ya paa, na jua la mwezi wa sita linalichemsha mchana kutwa, kwa hiyo bomba la maji baridi ndilo linalotoa ya moto. Sisi huzima hita ya ndani tangu mwezi wa nne na kutumia bomba lake, lile lenye alama nyekundu, kupata maji yanayoshikika. Mama alilijua hilo miaka arubaini. Siku ile alikumbuka rangi na akasahau mwezi. Alifungua la buluu, akatia mikono yote miwili, na hakuitoa mpaka nilipokuja, kwa sababu sahani ilikuwa bado haijapata maji ya tatu.

Basi ndugu zangu wakaamua. Mashine iwekwe, sahani ziingie humo, mama asilione tena sinki. Sikubisha. Likizo ya skuli ilikuwa imeanza, nilikuwa nyumbani, na kazi ya kusimamia fundi ikawa yangu kama kazi nyingine zote za nyumba ile.

Fundi alikuwa Mkenya kutoka karakana moja ya Wadi Kabir, mtu mzima, mpole, mwenye kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja akapima nafasi chini ya meza ya jiko, akasema kabati moja litatoka, na kwamba kesho yake saa nne ataleta mashine. Alipoondoka nikampigia simu mdogo wangu. Mama alikuwa mezani anachambua dengu. Nilisema kwa sauti, maana mdogo wangu alikuwa kwenye mashine zake na hasikii: mwosha anakuja kesho saa nne, wamekwisha kupima, nafasi inatosha, ataingia bila taabu.

Mama akaacha kuchambua. Aliponiona nimeweka simu akauliza kama ni kesho kweli. Nikasema kesho, saa nne. Akauliza kama huyo mwosha ni mjuzi. Nilidhani anatania, nikajibu kwa mzaha vilevile, nikamwambia mjuzi sana, kazi yote anafanya mwenyewe, wewe hutanyanyua hata mkono. Mama akasema alhamdulillahi, akarudi kwenye dengu zake.

Asubuhi yake aliamka na akili zake zote, au mimi niliona hivyo. Alioga kwa muda mrefu. Akaniita nimkate kucha, za mikono na za miguu, na wakati namkata alinitazama kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona tangu mwaka juzi. Akataka sabuni, akajipaka mikononi juu ya yale makovu mapya, akazivua bangili zake zote sita. Bangili hizo sikuwahi kuziona nje ya mikono yake. Alizifunga katika kitambaa akaniambia nizipeleke chumbani. Nikamletea chai na mkate wa ufuta, akaukataa. "Tumbo tupu ndo bora," akasema. "Sitaki kumpa mtu tabu." Nikadhani ametia nia ya kufunga, nikaona ni heri.

Kisha akaniagiza niwaite majirani wawili, wale waliozeeka pamoja naye. Walikuja wakasimama barazani, yeye akawashika mikono, akawaomba wamsamehe kama amewakosea kwa neno au kwa jicho, na wao wakamwomba vivyo hivyo. Mmoja alifuta machozi. Wakati anaondoka alininong'oneza kwamba bibi leo yuko vizuri sana, nikae naye. Nilijibu ndiyo, ameamka vizuri.

Nieleze jinsi nilivyofurahi, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilipokuwa nafagia jiko kumngoja fundi nilikuwa naimba. Niliona mtu anayeomba msamaha kwa majirani ni mtu ambaye moyo wake umefunguka, na nikajisemea leo ndiyo siku. Mafundi wakishaondoka nitakwenda kumpigia magoti. Nilikwisha kuyapanga na maneno. Nilikusudia kumwambia kwamba daktari hakuwa na kosa wala jicho halikuwa na kosa, na kwamba ile mara ya tatu, niliposikia pumzi za dada yake, ningeweza kumwamsha. Niliyarudia maneno hayo huku nafagia, mpaka nikayajua kwa moyo.

Saa nne mafundi wawili waliingia wamebeba boksi. Mama alikuwa sebuleni amelala chali kwenye godoro lake, ameligeuza kuelekea kibla, kanga safi imemfunika mpaka kifuani. Fundi akamwamkia. Mama akainuka nusu, akawatazama wote wawili, kisha akanigeukia mimi.

"Umenitafutia wanaume?" akasema. "Mimi nioshwe na wanaume?"

Mafundi wakaliweka boksi chini. Yule Mkenya hakuelewa, lakini alielewa kwamba kuna mtu amevunjiwa heshima, akajaribu kurekebisha. "Hapana mama, sisi ni mafundi tu," akasema, na akaligusa boksi kwa kiganja. "Mwosha ni huyu."

Mama akalitazama lile boksi. Lilifika kiunoni mwa mtu, pana, lina mikanda myeupe. "Na mie ndo natiwa humu?" akauliza. Hakuuliza kwa hofu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua utaratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kucha, bangili, tumbo tupu, majirani, kibla. Mama alikuwa amejiandaa kufa tangu jana saa kumi, kwa adabu zote, kwa sababu mwanawe alisema kwenye simu kwamba mwosha anakuja na kwamba wamekwisha kupima. Na nilimwambia kwamba hatanyanyua hata mkono. Nilikaa chini sakafuni mbele ya wale wanaume, nikamweleza kwamba hiki ni chombo cha kukoshea sahani, kwamba yeye hajambo, kwamba hakuna aliyekufa. Nilimweleza mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sikuona faraja yoyote usoni mwake. Alikuwa kama mtu aliyefunga mizigo yote akaambiwa safari haipo. Akajifunika kanga tena, akalala, akawaambia mafundi wapite.

Wakaenda jikoni. Walilitoa kabati, wakatoboa tundu pembeni la kupitisha mipira miwili, wa maji safi na wa maji machafu. Fundi alipoligusa bomba la maji baridi akaurudisha mkono upesi, akauliza hapa maji haya ni hivi kila siku. Nikasema kila siku mpaka mwezi wa kumi. Akasema basi tusichukue hapo, mpira wa mashine utalainika kabla ya mwaka, na akaunganisha kwenye hita iliyozimwa. Aliweka pimamaji juu ya mashine, akaizungusha miguu yake mpaka ikakaa sawa. Akaiwasha ikiwa tupu, ili ijioshe yenyewe kwanza. Alisema itachukua saa mbili na nisiifungue. Nilimkaribisha chai, akasema hapana, ahsante. Mlangoni, wakati anavaa viatu, aliniambia pole kwa mzazi. Nilimshukuru, nikafunga mlango.

Maneno yangu niliyoyapanga yalikuwa yamekwisha kunitoka. Nilirudi sebuleni hivyo hivyo. Mama alikuwa amekaa, mikono mitupu juu ya mapaja, na pale zilipokuwa bangili ngozi ilikuwa nyeupe kuliko mahali pengine. Akanipigia godoro kwa kiganja nikae. Nikakaa.

Akaniambia kwa kuwa kila kitu kimekwisha kutayarishwa, ni bora amalize na maneno, na mimi niyashike niyafikishe. Sikumbishia tena habari ya mwosha. Akaanza na mdogo wangu wa kiume. Yule amemridhia, yeye na watoto wake, duniani na akhera, ila aache kuendesha gari kama mwendawazimu. Mdogo wangu wa Sohar naye amemridhia, ingawa mvivu wa kupiga simu. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu mzima anayejua anachokisema, na mimi nilikuwa naitikia kila jina, nangoja. Akaishia hapo. Kutoka jikoni mashine ilikuwa inavuta maji na kuyamwaga.

Nilingoja mpaka nikashindwa. "Na mkubwa wako?" nikamuuliza.

"Yule nnamngoja," akasema.

Nikamuuliza anamngoja afanye nini.

"Aje. Nimeshamsamehe zamani, alikuwa ananihofia jicho langu tu. Lakini radhi niliyomnyima haitumwi kwa mtu. Atakuja mwenyewe, ntamwekea mkono kichwani, ntampa."

Sijui kama naweza kuandika nilivyokuwa wakati ule. Kitu nilichokitafuta miaka sita kilikuwepo, kimekwisha kukatwa na kuwekwa, na kilikuwa changu. Nikamwambia, mama, ni mimi. Nikamtajia jina langu, nikamtajia la dada yake, nikamwambia mimi ndiye niliyesema umelala. Nilishuka nikapiga magoti kama nilivyopaswa kupiga mapema, nikauchukua mkono wake mwenyewe nikauweka juu ya kichwa changu. Ulikaa pale kwa muda mdogo sana. Nikausikia unavyojivuta, polepole, kwa adabu, kama mtu anavyotoa mkono asimuudhi mwenziwe.

"Hapana, mwanangu," akasema, kwa lile neno analomwita kila mtu siku hizi, hata mwenye duka. "Hii ni amana ya mtu."

Nililia. Hakuuliza ninalia nini. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akanisifu kwamba mimi ni mtu mwema na nimemtazama vizuri, na kwamba Mwenyezi Mungu atanilipa. Kisha akaniuliza kama nina mama. Nikasema ninaye. Akauliza kama yu hai. Nikasema yu hai.

"Basi unakaa hapa unalia nini?" akasema. "Nenda kwake akupe yako. Mpigie magoti, usione haya. Na ukimkuta mwanangu njiani, mwambie afanye haraka."

Nikamwambia nitamwambia.